Hapana, Pango la Amboni Halitokei Mombasa

Jamani, pango la Amboni halitokei Mombasa, wala halitokei Kilimanjaro. Juzi nimeulizwa tena, na aliyeuliza ni mtu mzima mwenye shahada yake. Hadithi ya mbwa aliyeingia pangoni hapa Tanga akaibukia mlimani Kilimanjaro mnaijua wote, siirudii.

Kilimanjaro naimaliza haraka. Mapango haya yamechimbwa na maji. Mvua inapenya udongoni, inabeba hewa ya ukaa, inageuka asidi dhaifu, kisha inakula chokaa polepole kupitia nyufa. Chokaa ya Tanga ni ukanda mwembamba wa pwani. Ukielekea bara unakutana na Usambara, halafu Upare, miamba migumu ambayo maji hayo hayaiwezi, na Kilimanjaro yenyewe ni volkano. Huyo mbwa alitoboa kwa meno?

Kwa Mombasa nawapa haki yenu kidogo, maana chokaa ya umri huohuo ipo na upande wa Kenya. Lakini upimaji wa mwaka 1994 ulikuta mapango 10 yaliyotengana, refu kuliko yote likiwa na mita 900 hivi. Siapi kwamba kila ufa umefikiwa; mpimaji huishia pale kiuno chake kinapokwama. Ila kutoka mita 900 hadi Mombasa, bado tuna safari.

Kinachonikera zaidi ni ile “pango la miaka milioni 150”. Huo ni umri wa jiwe! Ni wa enzi za Jura, hapa palipokuwa chini ya bahari. Shimo limekuja baadaye sana. Mlango ukitobolewa leo kwenye nyumba ya babu, nyumba ni ya babu, mlango ni wa leo. Na shimo halipimiki umri, kwa kuwa ni uwazi mtupu. Kinachopimika ni ile chokaa iliyoganda humo ndani tone kwa tone, nayo inakuambia tu kwamba pango lilikuwepo kabla ya tone la kwanza. Ndiyo maana anayekutajia umri wa shimo kwa tarakimu moja ya mkato anakisia, hata sisi wenye vyeti.

Basi mkiingia, acheni kutafuta maumbo ya simba na meli darini. Mulikeni tochi kwa ubavu wa ukuta, si moja kwa moja, mtaona vibonde vidogo vilivyolala upande mmoja: hapo maji yalipita kwa kasi. Michirizi ya chokaa inayoning’inia msiishike, mafuta ya vidole huifanya nyeusi na kuzuia chokaa mpya isishike. Na sadaka za mzimuni si mapambo ya picha, ziacheni kama zilivyo.

Nje, kwenye miamba yenye kivuli, huota Saintpaulia, kaua ka zambarau kanakopandwa kwenye vyungu madirishani Ulaya. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyekapeleka kwao mwaka 1892. Wageni wengi hukapita bila hata kugeuza shingo.

Mkibakiwa na muda, shikeni barabara ya Pangani mpitie Tongoni, kwenye msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 15. Yale yamejengwa kwa matumbawe na chokaa ya kuchoma, mawe machanga kabisa ukilinganisha na ya Amboni. Vile vishimo vya mviringo kwenye nguzo ndimo zilimopachikwa bakuli za Kichina. Nendeni mapema, nguzo nyingi zimeshaanguka.