Stima ya Nguzo na Stima ya Sola: Ijue Mikondo Miwili Kabla ya Kuunga Waya

Chukua chaja ya simu yako, igeuze, usome maandishi yake madogo. Kwenye sehemu ya umeme unaoingia utakuta 100–240V, kisha alama ya wimbi, kisha 50/60Hz. Kwenye sehemu ya umeme unaotoka huenda ukakuta 5V, na mahali pa wimbi pana mstari mnyoofu wenye vistari vitatu chini yake. Kijisanduku hicho kinapokea mkondo wa aina moja na kutoa wa aina nyingine. Kila mwenye nyumba Mombasa aliyefunga sola, au anayepanga kufunga, anastahili kuijua tofauti hiyo kabla fundi hajapanda juu ya paa.

Mkondo wa umeme ni mwendo wa chaji ndani ya waya. Chaji zikienda upande mmoja tu, bila kurudi, huo ni mkondo mnyoofu, ambao mafundi huuita DC. Betri ya tuktuk hutoa DC, paneli ya sola hutoa DC, na simu yenyewe hutumia DC. Ndiyo sababu betri ina chanya na hasi, na ukizigeuza nyaya, chombo hakiwaki au kinaungua. Mkondo geu, yaani AC, huenda na kurudi, kama maji ya bahari pale Tudor yanavyojaa na kupwa, ila kwa kasi kubwa mno: stima ya Kenya Power hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Ndizo hizo hezi 50 za kwenye chaja.

Nguzo zetu zinabeba AC kwa sababu ya transfoma. Transfoma hupandisha na kushusha volti kwa urahisi, na kifaa hicho hakifanyi kazi kwa DC. Laini kubwa ya kutoka Nairobi hadi Rabai ilijengwa kwa kiwango cha volti 400,000. Mitaani tunapata 11,000. Transfoma ya mtaa inazishusha hadi 415 kwa wenye fezi tatu, kama vile visiagi vya unga na hoteli, na 240 kwa nyumba za kawaida. Kwa wati zile zile, volti ikiwa juu, ampea (kipimo cha ukubwa wa mkondo) zinapungua, na ampea ndizo zinazopasha waya moto.

Hesabu hiyo inamhusu sana mtu wa sola. Taa na feni zinazokula wati 60 kwa jumla zinavuta robo ampea tu kwenye volti 240. Kwenye betri ya volti 12, wati hizo hizo zinavuta ampea 5, yaani mara 20 zaidi. Joto linalopotea kwenye waya hukua kwa mraba wa ampea, kwa hivyo waya ule ule utapoteza joto mara 400 zaidi. Fundi anayetandaza waya mwembamba wa taa kutoka kwenye betri hadi chumba cha mwisho anakuuzia giza, na pengine moto.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni swichi. Unapozima swichi, ncha mbili za shaba zinaachana na cheche inaruka katikati. Kwenye AC mkondo hufika sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hivyo cheche hukosa nguvu na kuzimika upesi. DC haifiki sifuri kamwe. Cheche inaweza kuendelea kuwaka, ikayeyusha shaba na kuunguza plastiki. Paneli kumi zilizoungwa mfululizo zinaweza kupita volti 400 za DC, na kuwekewa breka (swichi inayojizima yenyewe mkondo ukizidi) ya kawaida ya AC ni hatari ya wazi. Breka na fyuzi za upande wa paneli lazima ziwe na alama ile ya mstari na vistari, yaani ya DC, pamoja na volti zinazotosha. Kumbuka pia kwamba kuzima swichi kuu ya nyumba hakuzimi paneli. Jua likiwa juu, nyaya za kutoka kwenye paa zina umeme.

Hapa pwani kuna adui wa ziada: hewa ya chumvi. Fungua kisanduku cha maungio kilichokaa miaka michache karibu na bahari, Likoni au Nyali, uone unga wa kijani juu ya shaba. Kutu hiyo hupata AC na DC, lakini DC huiongezea kasi kwa namna yake. Unyevu wa chumvi ukiunganisha chanya na hasi, mkondo unaovuja upande mmoja tu huila shaba ya upande wa chanya siku hadi siku, mpaka waya unakatika ndani ya plastiki huku nje ukionekana mzima. Visanduku vya nje vifungwe kabisa visiingize maji, na maungio yakaguliwe walau mara moja kwa mwaka, hasa baada ya masika.

Kwa mwili wa binadamu, AC ya hezi 50 ni katili zaidi kwa volti zile zile: hukaza misuli ya mkono ukashindwa kuachia waya, na huvuruga mapigo ya moyo kwa mkondo mdogo kuliko DC. Mtu asidhani kwamba DC ni salama. Volti 12 za betri kwa kawaida hazitakupiga, ila spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja itakuwa nyekundu kwa moto mara moja. Volti 400 za kwenye paa zinaua, na ngozi yenye jasho hupitisha mkondo kwa urahisi kuliko ngozi kavu.

Kama nyumbani kwako kuna AC na DC pamoja, mwulize fundi leseni zake kabla hajaanza kazi. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, hutoa leseni ya kazi za sola kando na ile ya nyaya za nyumba, na kuwa na moja hakumpi mtu ruhusa ya kufanya kazi za nyingine.