Je, wajua kwa nini Missy Elliott alivaa "mfuko wa taka" kwenye video yake ya kwanza?

Katikati ya mwaka 1997 televisheni za muziki nchini Marekani zilianza kuonyesha video ya mwanamke aliyevaa vazi jeusi linalong'aa, limefura kwa hewa pande zote hadi mikono yake ikashindwa kulala ubavuni. Kichwani alikuwa na kofia ngumu iliyoungana na miwani. Kamera ilimsogelea kwa lenzi inayopinda kila kitu, uso ukawa mkubwa, mabega yakacheza, naye akachana mistari taratibu kama mtu asiyedaiwa haraka na yeyote. Wimbo uliitwa The Rain (Supa Dupa Fly), na mwimbaji, rapa wa Marekani Missy Elliott, ndio kwanza alikuwa anatimiza miaka 26.

Watazamaji walilibatiza vazi lile mfuko wa taka, na mpaka leo ndivyo linavyoitwa. Wengi walidhani ni kituko tu cha kutafuta macho ya watu. Lakini ukifuatilia miaka iliyotangulia video hiyo, utaona mwanamke huyu alikuwa na sababu nzito ya kuingia kwenye televisheni akiwa na mwili uliokuzwa mara mbili.

Turudi mwaka 1993. Mtoto mwigizaji Raven-Symoné, aliyekuwa na miaka saba na tayari anajulikana kwa tamthilia ya The Cosby Show, alitoa wimbo wake wa kwanza. Missy alishiriki kuuandika, na ndani yake akachana mistari kwa sauti yake mwenyewe. Video ilipotoka, mistari ile ilisikika vizuri kabisa, ila aliyeonekana akiifungulia mdomo alikuwa mwanamke mwingine, mwembamba, wa rangi ya maji ya kunde. Missy ameeleza baadaye kwamba sababu aliyopewa ni kuwa sura na umbo lake havikuendana na kile walichotaka kionekane. Kalamu yake ilifaa, sauti yake ilifaa, mwili wake ukaachwa nje. Hili ndilo tukio la kulishika kichwani, maana mengi yaliyofuata yanaeleweka kutokana nalo.

Jina lake kamili ni Melissa Arnette Elliott, mtoto wa pekee, aliyezaliwa tarehe 1 Julai 1971 huko Portsmouth, Virginia, mji wa bandari na kambi za jeshi la majini. Baba alikuwa mwanajeshi wa Marines, mama akifanya kazi katika shirika la umeme. Nyumbani palikuwa na vipigo. Baba alimpiga mama mara kwa mara, na Missy amesimulia kwamba alikuwa akikataa kwenda kulala kwa marafiki zake kwa hofu kwamba atakaporudi atamkuta mama amekufa. Akiwa darasani alikuwa akitazama dirishani, akimsubiri Michael Jackson au dada yake Janet waje kumchukua, kwa sababu alikuwa amewaandikia barua kuwaomba hivyo. Barua hazikujibiwa. Aliendelea kuandika, na kuwaimbia wanasesere wake chumbani kana kwamba ni ukumbi uliojaa watu.

Alipofika miaka 14, mama alichukua hatua ambayo Missy huitaja kama mwanzo wa nguvu zake mwenyewe. Waliondoka kwa kisingizio cha kwenda matembezi kwa basi, kumbe ndugu walikuwa wamekwisha kupakia vyombo vyote kwenye lori. Baba aliachiwa uma, kijiko na blanketi. Mimi huona ni vigumu kuizungumzia safari ya kisanii ya Missy bila kumtaja Patricia, mama yake, kwanza. Binti aliyemwona mama yake akihamisha nyumba nzima kimyakimya siku moja hakuwa mtu wa kusubiri ruhusa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliunda kundi la wasichana wanne, na likaja kuitwa Sista. Wakati huo alikuwa tayari na rafiki mmoja wa huko huko Virginia, kijana aliyekuwa akitengeneza biti kwa kinanda cha bei nafuu: Timothy Mosley, ambaye dunia inamfahamu kama Timbaland. Kundi la Jodeci, lililokuwa likitamba sana kwa R&B, lilipokuja kutumbuiza upande wao, wasichana hao waliwafuata hadi hotelini na kumwimbia DeVante Swing, prodyuza wa kundi. DeVante aliwapenda. Aliwachukua kwenda New York, Timbaland naye akaenda nao, wakaingia kwenye kikosi kilichoitwa Swing Mob: vijana zaidi ya 20 waliokuwa wakiishi nyumba moja na kutengeneza muziki usiku na mchana. Humo ndimo alimotoka mwimbaji Ginuwine pia.

Albamu ya Sista ilikamilika mwaka 1994, lakini lebo, yaani kampuni ya muziki, haikuiachia kama ilivyopangwa. Kundi likavunjika. Hapo ndipo wasanii wengi hukata tamaa na kurudi kwao. Missy naye alirudi Virginia, akakaa na Timbaland, wakaanza kuwaandikia wengine.

Kazi iliyobadili kila kitu ilikuwa albamu ya pili ya mwimbaji Aaliyah, One in a Million, ya mwaka 1996. Aaliyah alikuwa na miaka 17 na tayari ni nyota. Missy na Timbaland hawakuwa na jina kubwa, na bado binti yule aliwakabidhi sehemu kubwa ya albamu yake. Sauti waliyoileta haikuwepo redioni. Midundo ya wakati huo ilienda moja kwa moja. Ya Timbaland ilikuwa inakwama, inaruka, inaacha mapengo, kisha inarudi pale sikio lisipotegemea, na Missy aliyaandikia mapengo yale maneno yanayokaa ndani yake bila kuyajaza. Wote wawili wamewahi kusema kwamba walijifungia Virginia bila kusikiliza redio ili wasiige mtu. Kwa maoni yangu, kule kuwa mbali na New York na Los Angeles kuliwasaidia kuliko mkataba wowote.

Baada ya hapo simu zilianza kuita. Mwaka huo huo sauti yake ilisikika kwenye rimiksi ya wimbo wa Gina Thompson, akicheka kwa mdundo katikati ya mistari, na watu wakaanza kuulizana huyo anayecheka ni nani. Lebo kadhaa zilimtaka awe msanii wao. Yeye alitaka lebo yake. Aliyekubali ni Sylvia Rhone, mwanamke aliyeongoza kampuni ya Elektra, kwa makubaliano kwamba Missy naye atoe albamu. Ndivyo ilivyozaliwa The Goldmind, naye akiwa na umri wa miaka 25. Hebu fikiria mabadiliko hayo ndani ya miaka mitatu: kutoka msichana anayefichwa kwenye video ya mtoto hadi mwenye lebo, mwandishi na mtayarishaji wa nyimbo zake, anayeamua mwenyewe kamera imwone vipi.

Basi aliamua imwone akiwa mkubwa zaidi. Video iliongozwa na Hype Williams, aliyekuwa fundi wa kutumia lenzi ya jicho la samaki, ile inayovimbisha kilicho mbele na kupinda kilicho pembeni. Mbunifu wa mavazi alikuwa June Ambrose, na vazi lenyewe lilikuwa la vinaili, kitambaa cha plastiki kinachong'aa, kwa hiyo jina la mfuko wa taka ni la mtaani tu. Siku ya kurekodi walilazimika kwenda kituo cha mafuta kulijaza hewa kwa pampu ya matairi. Lilipojaa, Missy hakuweza tena kuingia kwenye gari, ikabidi atembee barabarani na vazi lake kurudi kwenye seti. Njiani hewa ikawa inapungua, na mpaka wanaanza kupiga picha ilibidi mtu awepo wa kuliongezea upepo.

Kwa nini lilifanya kazi? Kumbuka mwaka uliotangulia. Novemba 1996 Lil' Kim na Foxy Brown walikuwa wametoa albamu zao za kwanza, na wote wawili walikuwa wameonyesha kwamba rapa wa kike anaweza kuuza sana huku akijivunia mvuto wa mwili wake. Walikuwa na vipaji vikubwa, na sitaki kumpandisha mmoja kwa kuwashusha wengine. Lil' Kim mwenyewe anaonekana kwenye video ya The Rain. Tatizo lilikuwa kwa makampuni, ambayo yalianza kuamini kwamba hiyo ndiyo njia pekee. Ndani ya vazi lile huwezi kujua kiuno cha Missy kinaanzia wapi. Mtazamaji aliyezoea kuupima mwili wa msanii wa kike alinyimwa kipimo, akabaki na uso, macho, na namna anavyotamka maneno. Missy mwenyewe amesema alipenda kwamba aliweza kuvaa kitu kama kile na bado watu wakamzungumzia. Waliokuwa wamemwambia mwili wake ni mkubwa mno kwa kamera walipewa mwili unaoijaza skrini nzima, na walilazimika kuutazama kila saa.

Albamu yenyewe, Supa Dupa Fly, ilirekodiwa kwa takriban wiki mbili tu. Ilitoka Julai 1997 na kuingia moja kwa moja nafasi ya tatu kwenye chati ya albamu ya Billboard, nafasi ya juu kuliko aliyowahi kuanzia rapa yeyote wa kike kabla yake. Mwaka uliofuata alipanda steji ya Lilith Fair, tamasha la wanawake lililojaa wapiga gitaa, akiwa rapa wa kwanza wa kike kufanya hivyo, na akaingia akiwa na vazi lile lile la hewa.

Waliodhani vazi ndilo limembeba walikuja kukosolewa na muziki wenyewe. Mwaka 2001 alitoa Get Ur Freak On, wimbo unaofunguliwa kwa maneno ya Kijapani na kubebwa na tumbi, ala ya uzi mmoja ya Wapunjabi, pamoja na ngoma za tabla. Mwaka 2002 ikaja Work It, ambamo kiitikio kinasema ataligeuza neno, kisha sauti yake inageuzwa kweli na kusikika kinyumenyume. Mamilioni ya watu waliimba sehemu ile bila kujua kwamba hakuna neno jipya pale. Wimbo ulikaa wiki 10 katika nafasi ya pili ya chati ya Marekani, ukizuiwa na Lose Yourself ya Eminem. Milio ya tembo, vicheko, miguno, maneno ya kubuni: Missy alitumia mdomo kama ala, na bado ukiondoa biti utakuta mistari imepangwa kwa ustadi.

Katikati ya mafanikio hayo, Agosti 2001, Aaliyah alifariki katika ajali ya ndege huko Bahamas akiwa na miaka 22. Missy alimpoteza rafiki aliyemwamini kabla ya dunia kumwamini.

Baada ya albamu yake ya sita, ya mwaka 2005, alipotea polepole. Uvumi ulikuwa mwingi. Ukweli aliusema mwaka 2011: alikuwa amegundulika miaka mitatu nyuma kuwa na ugonjwa wa Graves, unaoifanya tezi ya shingoni izalishe homoni kupita kiasi. Mguu ulimkaza ghafla akiwa anaendesha gari. Mikono ilitetemeka kiasi cha kushindwa kushika kalamu. Kwa mtu ambaye kila alichokipata kilitokana na kuandika, sioni pigo lililo kali zaidi ya hilo.

Tarehe 1 Februari 2015 alitokea kwenye onyesho la mapumziko la Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, akiwa mgeni wa mwimbaji Katy Perry, mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 100. Usiku uliotangulia alikuwa hospitalini kwa hofu iliyompanda. Vijana mitandaoni waliuliza huyu msanii mpya ni nani, na nyimbo zake za zamani zikarudi kwenye chati wiki hiyo hiyo.

Heshima zilifuatana. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye Songwriters Hall of Fame, orodha ya heshima ya watunzi wa nyimbo, akiwa rapa wa kwanza wa kike kupata nafasi hiyo, na mimi naiona ndiyo tuzo inayomfaa kuliko zote kwa sababu inaheshimu kalamu. Mwaka 2022 mji wa Portsmouth ulibadilisha jina la barabara moja ukaiita Missy Elliott Boulevard. Novemba 2023 akawa rapa wa kwanza wa kike kuingia Rock and Roll Hall of Fame, akikaribishwa na rapa mwenzake Queen Latifah, huku mama yake akiwa ukumbini, akimwona kwa mara ya kwanza akitumbuiza moja kwa moja. Julai 2024 alianza ziara yake ya kwanza kama msanii mkuu, miaka 27 baada ya albamu ya kwanza, na siku chache baadaye shirika la NASA likaurusha wimbo wa The Rain kwa mawimbi ya redio kuelekea sayari ya Zuhura. Ulisafiri umbali wa kilomita milioni 254 kwa muda wa dakika 14 hivi.