Bei Imerudi Juu, Hatari Iko Palepale

Wiki hii mteja wa tatu kanieleza yaleyale: "Mafuriko yalikuja miaka sita iliyopita, nyumba zikashuka bei, sasa zimepanda tena. Kumbe hatari imekwisha." Haijaisha. Miongoni mwa dhana zote ninazokutana nazo katika kazi yangu ya uthamini wa nyumba, hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inawafunga watu kwenye mikopo ya miaka mingi.

Bei hufuata kumbukumbu za wanunuzi. Baada ya gharika hushuka. Matope yakishasafishwa na walioshuhudia wakihama, hupanda polepole, na mara nyingi miaka michache inatosha. Mto uko palepale. Zaidi ya hayo, watu hulipia mandhari ya maji, hivyo nyumba ya ukingoni huweza kuuzwa ghali kuliko ile ya mwinukoni. Anayekadiria kwa mauzo yaliyopita pekee, awe mtu au kompyuta, anaurithi usahaulifu huo na kuuita thamani.

Kisha husikika: "Yale yalikuwa mafuriko ya miaka mia, yameshapita." Jina hilo lina maana ya uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, ukiwemo mwaka unaofuata gharika. Katika mkopo wa miaka 30, uwezekano wa kufurika walau mara moja hufika kama asilimia 26. Houston, Marekani, ilipata mafuriko makubwa 2015, 2016, na tena 2017.

"Tuko nje ya mstari wa ramani ya maeneo ya mafuriko." Kimbunga Harvey kilipoishukia Houston mwaka huo wa 2017, nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya mstari.

"Bima italipa." Ipi? Katika nchi kama Marekani, bima ya kawaida ya nyumba aghalabu haifidii mafuriko wala tetemeko la ardhi, nayo huhuishwa kila mwaka ilhali mkopo ni wa miongo. Bima ikikataliwa, mnunuzi ajaye hunyimwa mkopo, na bei huporomoka bila hata tone la mvua.

Nawasihi, kabla ya kutoa arbuni, ombeni makadirio ya bima kwa maandishi. Kisha pimeni kimo cha sakafu, mkilinganishe na alama ya juu kabisa maji yalipowahi kufika. Nyumba mbili za mtaa mmoja zikipishana nusu mita ya sakafu, mimi sizithamini sawa, hata kama jana zimeuzwa bei moja.