Ukatili dhidi ya wanawake majumbani: maswali na majibu

Kama hanipigi, bado ni ukatili?

Ndiyo. Kipigo ndicho kinachoacha alama, basi watu hukihesabu peke yake. Lakini mume au mpenzi anayekagua simu yako kila jioni, anayechukua mshahara wako wote halafu ukamwombe hela ya pedi, anayekukataza kwenda kwa mama yako, anayetishia kukunyang'anya watoto, au anayekulazimisha tendo la ndoa hutaki, anakufanyia ukatili. Uingereza na Wales, tangu 2015 sheria inatambua kumdhibiti mwenza kwa mwenendo wa namna hii kuwa kosa la jinai, hata kama hajawahi kumgusa. Jiulize: mipango yangu ya leo nimeipanga kwa ninavyotaka mimi, au kwa kuogopa atakavyokuwa akirudi?

Ni tatizo la watu wa aina fulani?

Hapana. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 yanaonyesha kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi aliyemfanyia ni mwenza wake. Mwaka 2023 peke yake, Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa wanawake na wasichana 51,100 waliuawa na wenza au ndugu zao, wastani wa 140 kwa siku. Viwango vinatofautiana kati ya nchi na nchi, ila hakuna nchi iliyosalimika.

Lakini si ni hasira tu, au pombe?

Mtu huyo huyo akigombezwa na bosi wake kazini hamrushii ngumi. Hasira anayo, na breki pia anazo. Manusura wengi watakuambia kuwa mume alijua pa kupiga: mgongoni, mapajani, kichwani penye nywele, mahali ambapo nguo na kitambaa vitaficha. Hiyo si akili iliyopotea. Pombe huzidisha ukali na majeraha, kwa hiyo kuipunguza kunasaidia, lakini walevi wengi hawapigi wake zao na wapo wapigaji wasioonja hata tone. Kinachotangulia ni imani kwamba mwanamke ni wa kutawaliwa, na kwamba akikosea, mume ana haki ya kumrudi.

Alinikaba koo mara moja akaniachia. Sina jeraha. Niende hospitali?

Nenda, tena leo. Kati ya maswali yote haya, hili ndilo ningependa lisomwe mara mbili. Kukabwa koo mara nyingi hakuachi alama yoyote ya nje, ilhali ndani mishipa ya damu inayopeleka damu kwenye ubongo inaweza kuwa imechanika, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye. Mweleze daktari kama sauti imekuwa nzito au imekauka, kama kumeza kunauma, kama kuna vidoa vyekundu kwenye macho au ngozi ya uso, kama ulizimia au ulijikojolea. Usione haya kutaja hilo la mwisho. Ni dalili kwamba ubongo ulikosa hewa. Kama ni mjamzito, sema. Jambo la pili ni baya zaidi: utafiti uliofanyika Marekani uligundua kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa naye, takribani mara 7.

Kama alinilazimisha tendo la ndoa?

Saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU zianzwe mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku 5, na vikiwahi ni bora. Hata muda huo ukipita, matibabu mengine bado yapo.

Mbona mwanamke anayepigwa haondoki?

Kwa sababu kuondoka ndiko kunakoweza kumuua. Mtawala akiona mateka anamponyoka, huzidisha. Ongeza watoto, kipato, na wazee wanaomwambia avumilie ndoa. Vikao vya kuwapatanisha navyo, kwa maoni yangu, vina madhara: mwanamke anaombwa aseme ukweli mbele ya mtu atakayelala naye usiku huo.

Rafiki yangu ameniambia anapigwa. Nimwambie nini?

Sema machache. "Nakuamini. Kosa si lako. Unataka nikusaidie vipi?" Usimuulize alimfanya nini mumewe. Usimlazimishe kuondoka, na usimkabili mume kwa niaba yake. Atakayelipia ni yeye. Akikubali, pangeni: nakala za vyeti na kitambulisho abaki nazo mtu mwingine, akiba kidogo ifichwe, liwepo neno la siri ambalo akikutumia unajua uite polisi. Na ujumbe wenu afute, maana simu inakaguliwa.

Ukatili huu unaweza kuzuilika kweli?

Unaweza, na kuna ushahidi. Kampala, Uganda, mradi wa SASA! uliwapa majirani wenyewe kazi ya kuanzisha mazungumzo kuhusu nani ana nguvu ndani ya nyumba na anaitumiaje, sokoni, barazani na kwenye vituo vya bodaboda. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha ukatili wa kimwili kutoka kwa wenza ukiwa chini kwa takribani nusu kuliko mitaa ambayo mradi haukufika. Limpopo, Afrika Kusini, wanawake maskini walipewa mikopo midogo, na kwenye mikutano ya vikundi vyao vya mikopo wakafundishwa pia kuhusu jinsia na VVU. Ndani ya miaka 2 ukatili wa wenza ulipungua kwa zaidi ya nusu. Miradi yote miwili haikusubiri mtu apigwe ndipo ianze kazi.