Ndugu yako yuko jeshi la Marekani? Haya ya mifuko ya misaada mtaani tunayachanganya sana

Ukikaa baraza yoyote ya kahawa Ngamiani hapa Tanga hukosi kusikia mtoto wa fulani alipata grini kadi, akaenda Marekani na sasa kavaa magwanda, na hapo hapo mtu atadakia "wale wana mfuko wao bwana, familia inamwagiwa mahela tu". Mfuko upo kweli. Ila yanayosemwa juu yake mengi si ya kweli, na mengine yanawatia watu hasara kabisa.

"Ni hela za serikali ya Marekani"

Hapana. Jeshi la nchi kavu wana Army Emergency Relief, ilianza 1942 katikati ya vita ya pili ya dunia, na ni shirika la hisani linaloendeshwa kwa michango, wakiwemo askari wenyewe na wastaafu wanaochangia. Wanamaji ndo wakongwe, Navy-Marine Corps Relief Society ni ya 1904, tena hela yao ya mwanzo ilitokana na mapato ya mechi ya Army na Navy, ule mpira wao wa kushika mkononi. Anga wana Air Force Aid Society, walinzi wa pwani wana Coast Guard Mutual Assistance. Kila kikosi na chake, kwa hiyo hakuna kitu kimoja kinaitwa "mfuko wa jeshi la Marekani".

"Wanagawa bure"

Mara nyingi ni mkopo. Hauna riba hata senti (wazee wetu hapa hapa watashukuru), askari anakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara mpaka unaisha. Hela ya kutorudisha ipo pia, ila hiyo wanaangalia kwanza mapato na matumizi yake, wakiona akirudisha ataumia ndo wanampa. Na iwe ni shida ya ghafla: kodi imemshinda, chakula, gari la kumfikisha kazini limekufa, nauli ya msiba, mazishi. Faini za mahakamani na matembezi ya likizo hawagusi.

"Mimi mjomba wake niko Makorora, naweza kuomba"

Huwezi mjomba. Mwenye haki ni askari mwenyewe, mwenza wake, mstaafu, mjane na yatima wa askari. Mzazi labda awe ameandikwa rasmi jeshini kwamba anamtegemea mtoto. Bati za nyumba ya ukoo kule Pongwe hazimo humo, hizo mwombe kijana mwenyewe akipata mshahara wake.

"Mke ni mke"

Hapa kuna kesi nyingi. Kijana anakuja likizo, anaoa, nikah inapita vizuri, pilau limeliwa, anarudi zake Marekani, cheti kimebaki kwa shehe au hakikuandikwa kabisa. Jeshi lao linamtambua mke aliyesajiliwa kwenye daftari lao tu, na hawamsajili bila cheti cha ndoa, kwa hiyo bibie usikae kusubiri, fuatilia cheti na ndoa isajiliwe RITA, wale wakala wa serikali wa usajili, na mumeo akakipeleke cheti kwa wahusika kazini kwake. Mke wa pili huko hayupo, hata kama hapa mnafahamiana na mnapikiana. Kwao mke ni mmoja.

"Kukitokea msiba tunampigia tu, anapanda ndege"

Hili ndo muhimu kuliko yote na ndo watu hawalijui. Ukimpigia wewe, kwa mkuu wake hayo bado ni maneno ya simu, maana anataka uhakika kutoka kwa mtu wa tatu. Huyo wa tatu ni American Red Cross, yaani Msalaba Mwekundu wa Marekani. Familia inawapa taarifa, wao wanathibitisha na hospitali au anayehusika na mazishi, kisha wanapeleka ujumbe kwa kamanda wake. Kwa hiyo mama akilazwa hospitali ya Bombo, mpate jina la daktari au wodi na namba ya simu inayopokelewa, maana ndo huko watauliza. Na wao Red Cross hawatoi ruhusa, ruhusa anatoa kamanda, na siku atakazokaa huku kwa kawaida zinakatwa kwenye likizo yake ya mwaka. Nauli kama hana ndo anaenda kwa ule mfuko.

Sasa sisi tunazika siku hiyo hiyo, kesho ikichelewa. Kutoka Marekani mpaka Tanga ni zaidi ya siku nzima njiani hata kama kila kitu kimenyooka, kwa hiyo atakuta khitma. Msimlaumu.

Halafu kuna suala la nani ni mzazi. Kwetu mama mdogo ni mama, bibi aliyekulea ndo mama yako kabisa. Kwao shangazi ni shangazi tu, LAKINI utaratibu wao unamkubali mtu aliyemlea askari utotoni akiwa badala ya mzazi, kwa hiyo anayetoa taarifa asiishie kusema "bibi yake amefariki", aseme wazi kwamba huyo ndiye aliyemlea. Na andikeni sasa hivi, kabla ya shida: majina yake yote kama yalivyo jeshini, tarehe ya kuzaliwa, cheo, kikosi. Familia nyingi zinajua tu "yupo Texas".

"Akifa mfuko unalipa mamilioni"

Kifuta machozi cha dola 100,000 kipo kwa anayefariki akiwa kazini, ila hicho ni cha serikali, sio cha hisani, na bima ya maisha ni kitu kingine tena. Vyote vinaenda kwa aliyeandikwa kwenye fomu, na hakuna ada ya kufungulia faili ili mlipwe, anayeidai ni tapeli.

"Mchumba wangu askari anaomba nimlipie likizo"

Dada zangu hapa ndo mnaliwa sana. Askari wa Marekani halipii likizo. Halipii chakula akiwa vitani wala matibabu, na hakuna mchumba anayemwombea ruhusa kwa kujaza fomu na kutuma dola 300 kwa "wakala" mwenye namba ya simu ya hapa hapa bongo. Akikwama kweli ana hiyo mifuko niliyoitaja hapo juu, inamkopesha bila riba, sasa kwa nini aje kwako wewe wa Chumbageni, wakati hajakuona hata siku moja? Mwambie akuandikie kwa barua pepe ya jeshi, zao zinaishia na .mil, atakuja na hadithi ya usalama wa kambi.