Je, wajua kwa nini pakiti ya vidonge vya majira ina vidonge saba vya kahawia?

Mama mmoja aliingia dukani kwetu, jirani na soko la Mbuyuni hapa Moshi, akatoa mkobani pakiti mbili za vidonge vya majira, yaani vya kuzuia mimba, na kuziweka kaunta. Safu ya mwisho ya kila pakiti ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kingo zimenyooka vizuri kabisa. "Dada," akaniambia, "naomba nyingine kama hizi. Hivi vya kahawia nitavikata kama kawaida, damu ninayo ya kutosha."

Nikamjibu bila kusita: "Mama, usivikate. Hivyo ndivyo vinavyoleta hedhi. Ukiviacha, damu itabaki tumboni." Nilikuwa nimeshauza dawa miaka kadhaa, na maneno hayo niliyasikia kwa dada zangu tangu nikiwa msichana. Si kweli. Na kwa kuwa bado nayasikia kwa wateja na hata kwa wauzaji wenzangu, naomba niyaeleze polepole.

Shika pakiti ya kawaida ya vidonge vyenye homoni mbili. Utahesabu vidonge 28. Ishirini na moja vya mwanzo, mara nyingi vyeupe au vya manjano, ndivyo vyenye homoni. Saba vya mwisho havina. Katika pakiti nyingi zinazofika kwetu, hivyo saba vimetiwa madini ya chuma, ndiyo maana vina rangi ya kahawia. Hakuna kitu ndani yake kinachoweza kuuamuru mji wa mimba utoe damu.

Damu inatokana na kukosekana kwa vile vyeupe. Kwa siku 21 homoni zinaushikilia utando wa ndani wa mji wa mimba. Zikikatika, baada ya siku mbili tatu utando huo unabomoka na kutoka. Mwanamke aliyekata safu ya mwisho na kuitupa ataona damu yake sawa na jirani yake aliyevimeza vyote saba. Na anayemaliza cha 21 kisha akafungua pakiti mpya kesho yake, huenda asione damu kabisa, au aone matone tu.

Hapo ndipo woga wa wengi ulipo: hiyo damu isiyotoka imekwenda wapi? Haijaenda popote, maana haikuwepo. Homoni za vidonge huufanya utando ubaki mwembamba, haujengeki kama unavyojengeka mwezi wa kawaida. Tumbo si pipa la kukinga maji ya mvua. Hata kuiita hedhi ni mazoea ya mdomo tu. Hedhi yenyewe huja baada ya yai kupevuka na kukosa kutungwa mimba. Kwa anayemeza vidonge vyake sawasawa, kwa kawaida yai halipevuki, na anachokiona ni damu ya kukatika kwa homoni. Nimelirudia hili kwa sababu nimeona wanawake wakiacha vidonge kwa kuogopa "damu iliyoganda ndani", kisha wakapata mimba wasiyoipanga.

Basi kama vidonge saba havina kazi hiyo, kwa nini viwekwe?

Nitaeleza kwa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Aliyekulia mlimani, Kibosho au Marangu, anajua maji ya mfongo yanavyogawanywa kwa zamu. Siku isiyo zamu yako, kinywa cha mfereji wa kuingia shambani kwako kinazibwa kwa mawe, magomba na udongo. Sasa chukua maji kuwa ni ishara zinazotoka kwenye ubongo kwenda kuliamsha yai, na shamba kuwa ni kifuko cha mayai. Kila kidonge cheupe ni konzi moja ya udongo unaokandikwa kwenye kizuizi. Ukikandika kila siku kwa wiki tatu, kizuizi kinakuwa kinene. Ukikosa siku moja katikati, maji hayapiti.

Halafu zinakuja siku saba ambazo hakuna anayekandika. Kizuizi kinaanza kulika taratibu. Maji yanapenyeza kidogo, na kweli ndani ya kifuko cha mayai vijumba vya mayai huanza kukua siku hizo. Lakini kizuizi hakijabomoka. Siku ya nane unarudi na udongo mpya, kinazibika. Mpango mzima unategemea urudi siku hiyo ya nane. Ukirudi ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, unaweza kukuta shamba limeloa.

Vidonge vya kahawia ni kama kwenda hadi mferejini kila jioni katika zile siku saba, mikono mitupu, ukaangalia na kurudi. Hukandiki chochote, lakini njia haioti majani. Miguu inaizoea saa yake, na siku ya nane inakupeleka yenyewe. Ndiyo kazi yake kubwa: kulinda mazoea. Anayemeza kidonge kila siku ya Mungu hana haja ya kukumbuka alipumzika Jumanne au Jumatano na anapaswa kuanza lini. Pakiti ikiisha, anafungua nyingine.

Kwa hiyo kidonge kibaya zaidi kukisahau si cha katikati ya pakiti, kama wengi tunavyodhani. Ni kile cheupe cha mwisho kabla ya kahawia, na kile cheupe cha kwanza cha pakiti mpya, kwa sababu ukivikosa hivyo unazirefusha siku saba zikawa nane, tisa au zaidi.

Pakiti yenyewe, yaani kifungashio chenye mishale na siku za wiki, ina asili ninayoipenda sana. Vidonge vya kwanza kuruhusiwa Marekani kwa ajili ya kuzuia mimba, mwaka 1960, viliuzwa ndani ya chupa kama dawa nyingine zote. Mwaka uliofuata, huko Illinois, mhandisi aitwaye David Wagner na mkewe Doris walikuwa na watoto wanne, na Doris alikuwa ameanza kuvimeza. Wagner hakuacha kumuuliza kama kidonge cha leo amekimeza, na maswali hayo yakaleta ugomvi ndani ya nyumba. Akachukua karatasi, akaandika siku za wiki, akakiweka kila kidonge juu ya siku yake. Kidonge kikiwa hakipo, jibu limeshatolewa na hakuna wa kuuliza. Siku moja karatasi ikaanguka na vidonge vikatapakaa sakafuni. Wagner akageukia plastiki, akatoboa matundu, akatengeneza kisahani cha kuzungushwa kinachoonyesha siku, cha umbo la kukaa mkobani kama kikebe cha poda. Aliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, mwaka 1962 akaipata mwaka 1964, na tangu 1963 kampuni za dawa zilikuwa zimeanza kuuza vidonge kwa namna hiyo.

Hebu fikiria alichokigundua. Dawa haikubadilika hata chembe. Alichoongeza ni kumbukumbu iliyo nje ya kichwa. Tendo la kila siku halishikiki akilini, maana kumeza kwa jana na kumeza kwa leo kunafanana mno. Ni kama kujiuliza kama umefunga mlango: unakumbuka kuufunga, hujui ni asubuhi ipi. Ukisukuma kidonge kwa dole gumba, ile karatasi ya fedha inapasuka kwa mlio mdogo na kuacha tundu lenye kingo kali, na tundu hilo halisahau. Kisahani cha kwanza kilihesabu vidonge 20 tu. Pakiti ya vidonge 28, yenye vidonge visivyo na homoni, ilikuja baadaye, kumalizia wazo lilelile.

Kuhusu kwa nini siku saba zenyewe ziliwekwa, utasikia ikisemwa kwamba zilitungwa kumridhisha Papa. Daktari John Rock, aliyevijaribu vidonge pamoja na Gregory Pincus miaka ya 1950, alikuwa Mkatoliki kweli, na alitumaini Kanisa lingekubali. Papa Paulo VI alikataa mwaka 1968. Lakini ushahidi kwamba mapumziko yaliwekwa kwa ajili ya Papa ni mwembamba. Sababu iliyo wazi zaidi ni ya kibinadamu: wanawake wa kwanza waliopewa homoni mfululizo bila kuona damu walidhani wamepata mimba. Kuweka mapumziko kuliwatoa hofu. Mwaka 2019 FSRH, taasisi ya Uingereza ya wataalamu wa afya ya uzazi, ilisema wazi kwamba mapumziko hayo hayana faida ya kiafya.

Na madini ya chuma? Mara nyingi ni miligramu 75 za feras fumareti kwa kila kidonge, kwa siku saba tu za mwezi. Si vibaya kuyapata, ila asiyekuwa na damu ya kutosha asiyategemee kama tiba, aende akapimwe.

Angalizo moja lisipuuzwe. Mama anayenyonyesha mara nyingi hupewa pakiti za homoni moja, ambazo vidonge vyake vyote vina rangi moja na vyote vina dawa. Huko hakuna siku za mapumziko, na mfano wangu wa mfongo haufai. Kwa pakiti za rangi mbili, ukikosa kidonge cheupe kimoja, kimeze mara ukumbukapo na uendelee. Ukikosa viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea, na utumie kondomu hadi utimize siku saba za kumeza bila kukosa. Ikiwa umevikosa katika wiki ya tatu, maliza vyeupe vilivyobaki, ruka vya kahawia, fungua pakiti mpya siku inayofuata.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Nilimwomba radhi, nikamwambia anaweza kuendelea kukata kama anapenda, ila aniambie anajuaje siku ya kuanza pakiti mpya. Akafikiri kidogo. "Huwa naanza damu ikikauka," akasema. Mara nyingine ilikuwa siku ya sita, mara nyingine ya tisa. Nikachukua kalamu, nikakizungushia duara kidonge cha kwanza cha pakiti aliyoinunua, na nikaiacha safu ya kahawia ilivyo. Mkasi, aliniambia baadaye, ameurudisha kwenye cherehani.