Jakarta inazama: bahari si mkosaji wa kwanza

Dhana: Jakarta, jiji kubwa la Indonesia, inazama kwa sababu bahari inapanda.

Ukweli: Bahari inapanda kweli, kwa wastani wa milimita 3 hadi 4 kwa mwaka duniani. Lakini kuna maeneo ya Jakarta Kaskazini ambayo ardhi yake imewahi kushuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka mmoja. Linganisha mwenyewe. Sababu kubwa ni maji yanayovutwa kutoka chini. Bomba la jiji haliwafikii wakazi wote, kwa hiyo nyumba, hoteli na viwanda huchimba visima. Chini kuna matabaka ya mchanga na udongo wa mfinyanzi yaliyojaa maji, na maji hayo husaidia kubeba uzito wa kilicho juu. Yakivutwa, mfinyanzi hujibana na ardhi hushuka. Uzito wa majengo huongezea.

Pale Muara Baru, mtaa wa pwani wa Jakarta Kaskazini, msikiti wa Waladuna umeachwa upande wa bahari wa ukuta wa kuzuia maji, maji yakiwa ndani yake, hausaliwi tena.

Dhana: Mvua zikinyesha vizuri, ardhi itarudi ilipokuwa.

Ukweli: Hairudi. Mchanga unaweza kupokea maji tena, ila mfinyanzi ukishajibana ndiyo basi, labda uinuke kidogo sana. Ndiyo maana kila mwaka wa kuchelewa una gharama isiyorudishika, na hili linaniuma kuliko yote.

Dhana: Basi hakuna la kufanya.

Ukweli: Tokyo ilifanya. Sehemu za wilaya ya Koto zilikuwa zimeshuka zaidi ya mita 4. Japani ikapitisha sheria za kubana uvutaji wa maji ya ardhini, ya viwanda mwaka 1956 na ya majengo mwaka 1962, na viwanda vikapewa maji kutoka kwingine. Kufikia miaka ya 1970 kushuka huko kulikuwa kumepungua mno. Sehemu hizo bado ziko chini ya usawa wa bahari, zinalindwa kwa kuta na pampu, lakini hazididimii tena kama zamani.

Dhana: Ukuta wa bahari unatosha, au kuhamisha makao makuu ya nchi.

Ukweli: Ukuta uliojengwa juu ya ardhi inayoshuka hushuka nayo. Na Nusantara, makao makuu mapya yaliyotangazwa mwaka 2019 huko Kalimantan Mashariki, kisiwani Borneo, itahamisha wizara na watumishi wake. Wakazi zaidi ya milioni 10 wanaobaki Jakarta bado watahitaji maji ya bomba, yafike mpaka Muara Baru.